Picha ya Bega Moja

Kwa miaka mingi Haidari hakuwa na haja na ile picha. Aliiita takataka za Wazungu, akaitundika koridoni, mahali ambapo mlango ukifunguliwa unaifunika. Mwaka 2014 akapita mteja wa duka lake la vifaa vya ujenzi pale Kibondo, mtu wa Dar, akaingia ndani kunawa mikono, akaiona. Alisimama mbele yake mpaka maji yakamkaukia mikononi.

"Mzee, hii usiichezee. Inaweza kuwa mali."

Jua halijazama, picha ilikuwa imehamia sebuleni, na Haidari ameshaanza kusema "picha yangu."

Ilikuwa ya mkewe, Zuhra. Enzi za kambi za wakimbizi Zuhra alikuwa mkalimani wa daktari mmoja wa kike, Mbelgiji, na picha hiyo ilikuwa nyumbani kwa daktari: wanawake wawili waliochorwa kwa mistari michache myeusi, nyuso zimepindapinda, wote wawili wamegawana bega moja. Kila alipoitazama Zuhra alimkumbuka dada yake, Mwanaamina, aliyefia kwenye uzazi. Kambi ilipofungwa, daktari akamkabidhi. "Nimeona unavyoitazama," alimwambia.

Baada ya maneno ya yule mteja, Haidari na Zuhra wakaifunga kwa khanga, wakapanda basi hadi Kasulu, kwa Venanti. Huyu alifundisha uchoraji, na likizo aliwatafutia matajiri wa mjini picha za kununua. Aliilaza mezani kifudifudi, akang'oa misumari ya fremu taratibu, akatoa kioo, kisha akainamia karatasi na lenzi yake jichoni. Haidari alikuwa akipumua kwa sauti.

"Ya mashine ingeonyesha vidoti vidogo vidogo," Venanti alisema. "Hapa hakuna. Mchoraji alichora juu ya jiwe kwa mkono wake, ndipo ikachapwa. Ni halisi, mzee."

"Alhamdulillahi!"

"Ila ina madoa ya unyevu. Imegandishwa kwenye kadibodi kwa gundi. Na..." Akapitisha kidole ukingoni. "Ukingo mweupe uko wapi? Huku chini huwa kuna sahihi ya mchoraji na namba ya nakala, kwa penseli. Nani aliikata?"

Zuhra alimtazama mumewe. Aliiona tena ile asubuhi: Haidari amechuchumaa juu ya mkeka, ana fremu iliyobaki dukani ambayo picha haikuenea, ana kisu cha kukatia kapeti la plastiki. Yeye anamsihi, baba Siti, hapo chini pana maandishi. Naye anajibu kwamba uchafu wa penseli hauna kazi.

"Wanawake, mwalimu," Haidari akasema, akitikisa kichwa. "Uwaachie mkasi tu."

"Baba Siti!"

"Nyamaza. Umeshaharibu, sasa unataka kubisha?"

Venanti akakohoa. "Ingekuwa nzima, ungejenga nyumba. Hivi ilivyo, utapata ya kuezekea jiko. Mimi naweza kuichukua."

Simu ya Haidari ikaita, akatoka nje kuipokea. Venanti akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua macho, "Mama, mkato huu si wa mkasi. Ni wa kisu na rula ya chuma. Nimejua."

"Basi mwambie."

Mkono wa Venanti ulikuwa bado juu ya karatasi. "Mimi ni mnunuzi tu, mama."

Haidari aliporudi, Zuhra akamwomba mbele ya Venanti: kama haina thamani, wamwachie, ni zawadi yake. Haidari akacheka. Alisema zawadi aliyopewa mke inakuwa ya nyumba, na nyumba ina mwenyewe. Picha ikabaki Kasulu.

Kibondo, hadithi ilifika sokoni kabla ya Zuhra. "Mwakeye, Mama Mikasi!" wauza dagaa walimwamkia, wakicheka bila ubaya, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Haidari hakukaa na mtu asimweleze jinsi mkewe alivyokata nyumba nzima kwa mkasi.

Siku moja alikuwa akimsimulia Hashimu, rafiki yake wa msikitini, Zuhra akiwaandalia chai. Alipofika kwenye mkasi, Zuhra akaweka birika chini.

"Ulikata wewe," alisema. "Kwa kisu cha dukani. Nilikusihi, hukusikia."

Hashimu alimtazama Zuhra, akamtazama rafiki yake. Haidari hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu kwa huruma, kama mtu aliyezoea.

"Umeona mwenyewe, Hashimu? Hata kukiri hawezi."

"Wanawake," Hashimu akasema, wakacheka wote wawili.

Zuhra akaenda jikoni. Aliendelea kupika, kufua na kuitikia salamu, lakini chai ya wageni wa Haidari ilipelekwa na Siti, binti yake. Yeye hakukaa nao tena.