Kijiti Kisichogeuka Zambarau

Asubuhi hiyo tena kijiti kilitoka kwenye mkojo wa mtoto kikiwa na rangi ileile ya uji mwepesi. Mama yake alikitikisa, akakipeleka dirishani, akakigeuza huku na huku kana kwamba tatizo lilikuwa jua. Wapi! Kijiti kilitakiwa kugeuka zambarau, nacho kilikuwa kimegoma.

Mtoto walimwita Kasuku, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kufunga mdomo. Kifafa ndicho kilichomfunga mdomo. Dawa zilikipunguza, lakini zilimfanya asinzie kutwa nzima, mate yakimtoka. Ndipo daktari akawaandikia lishe ya keto: mayai, parachichi, krimu, mafuta juu ya mafuta, na sukari marufuku. Mwili ukikosa sukari huchoma mafuta, akawaeleza, na ubongo wa mtoto kama huyu hutulia. Zambarau kwenye kijiti ndiyo dalili kwamba mafuta yanaungua. Sukari kidogo tu ikipenya, kazi yote imeharibika.

Na kweli mtoto alitulia. Kasuku akaanza tena kupiga soga na kila mtu, hata na cherehani ya mama yake. Halafu, bila hodi, vijiti vikapauka na kifafa kikarudi. Ijumaa walikuwa na miadi. Daktari alishawaambia wazi kwamba lishe isipofanya kazi wataiacha, warudi kwenye dawa nyingi.

Kwa hiyo mtu fulani ndani ya nyumba hii alikuwa anamlisha mtoto sukari. Mama Kasuku alikuwa na hakika, na hakika ya mtu asiyelala vizuri haina breki. Alikuwa akishona sare za shule sebuleni, lakini siku hizo alikuwa hamalizi hata kola moja. Anakanyaga pedali, anaacha, anachungulia jikoni, anarudi, anasahau uzi uko wapi. Alipekua kabati. Alinusa vikombe. Mwishowe akaupekua mkoba wa mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi nao na ambaye, kila mtu anajua, hakuweza kuona mtoto analia akakaa kimya.

Mkobani hakukuwa na kitu. Lakini mumewe alimfuma mikono imo ndani, na hapo nyumba ikawaka moto.

"Unampekua mama yangu kama mwizi?"

"Niambie wewe basi, sukari inatoka wapi? Inashuka kwenye dari?"

Walipigiana kelele mpaka Kasuku akaziba masikio na kujibanza nyuma ya cherehani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe mkononi. Akakiweka chini taratibu.

"Basi, wanangu. Ni mimi. Nilimpa."

Jioni ileile alifunga nguo zake akaenda kwa binti yake. Mwanawe alimsindikiza. Mama Kasuku alifunga mlango akajiona mshindi, ushindi wenye ladha ya shubiri, lakini alijua kesho kijiti kitageuka.

Hakikugeuka. Wala keshokutwa yake. Alijipa moyo kwamba sukari ya bibi bado haijaisha mwilini. Alifagia palipofagiliwa, akapima, akapima tena. Alhamisi, baada tu ya chai, Kasuku alikuwa akipanga vifungo mezani mkono wake ulipokakamaa, macho yakageuka juu, akaanguka. Mama alimlaza ubavu, akamshikilia, akihesabu pumzi huku akilia kwa sauti. Kifafa kilipopita, alimbeba hadi kitandani akamfunika.

Kisha akarudi kupangusa meza, maana mikono ilitaka kazi, kazi yoyote.

Sisimizi walikuwa wametanda pale alipoandalia chai. Hawakuwa kwenye krimu. Walikuwa wamezunguka unga mweupe uliomwagika kutoka kwenye kipakiti cha sukari mbadala, ile aliyoinunua mwenyewe mtoto alipoanza kuikataa chai isiyo na utamu. Kwenye boksi iliandikwa kwa herufi kubwa BILA SUKARI. Vipakiti viwili kila kikombe, kwa upendo wote.

Aligeuza boksi. Upande wa chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kitu cha kwanza kutajwa kilikuwa glukosi. Kile kitamu mbadala chenyewe kilikuwa punje tu. Kilichojaza kipakiti kilikuwa sukari yenye jina lingine. Akakaa sakafuni.

Alimpigia bibi simu akiwa palepale.

"Mama, hukumpa kitu."

"Nani amekwambia?"

"Ilikuwa chai yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namtilia. Mbona ulikubali, mama? Mbona ulikubali jambo usilolifanya?"

"Mlikuwa mnataka kuuana mbele ya mtoto. Nikaona bora lawama nizibebe mimi, mpumzike." Mara sauti yake ikabadilika. "Ina maana siku zote hizi ameendelea kuinywa?"

"Ndiyo."

"Ameanguka tena?"

Mama Kasuku hakuweza kudanganya. "Leo."

"Mungu wangu. Ningebisha tu, ungeendelea kutafuta."

Ilikuwa kweli, na hakuna kati yao aliyejaribu kuipunguza. Bibi alianza kulia, kilio cha mtu mzima anayejizuia.

"Rudi nyumbani, mama."

"Nitamtazamaje usoni yule mtoto?"

"Hata mimi sijui nitamtazamaje. Lakini akiamka atataka chai, na mikono yangu naiogopa. Njoo umwandalie wewe."