Ngano ya Arobaini ya Leontio

Akakio alikuwa amepiga magoti juu ya ukuta wa baharini, chokaa imemfika viwikoni, aliposikia kwamba wakaguzi wa chakula wameingia mtaa wao. Habari ililetwa na mchota maji, mtu ambaye hata mwaka wa neema hakuwa na habari njema.

"Wameanzia juu, wanashuka," alisema, huku akitua viriba vyake. "Nyumba tatu wameshazing'olea mlango. Kabla ya adhuhuri watakuwa kwenu."

Akakio alimalizia kukandika jiwe lililokuwa mbele yake, maana chokaa ikishakorogwa haimngojei mtu, kisha akaenda kumwomba ruhusa Vardane, mnyapara wao. Vardane alikuwa amekaa kivulini, anakula kitunguu.

"Nenda, lakini urudi," alisema. "Upande huu haujafika kimo. Kaisari anataka ufike kimo kabla ya majira ya baridi."

"Nikipata muhuri wa kukaa mjini nitarudi."

"Utaupata. We mjenzi bwana, nani atamfukuza mjenzi?"

Akakio alikimbia. Tangu mavuno ya zabibu, agizo la Kaisari lilikuwa limesomwa makanisani na sokoni: Waarabu wanakuja, kwa nchi kavu na kwa bahari, na safari hii hawaji kupora na kuondoka bali kukaa nje ya kuta mpaka mji ufe kwa njaa. Kwa hiyo kila mwenye nyumba aonyeshe chakula cha miaka mitatu. Asiyekuwa nacho, atoke mjini. Atoke aende wapi, agizo halikusema, na waliolisoma hawakuulizwa.

Siku iliyofuata pishi moja ya ngano iliuzwa kwa bei ya mbili. Ilipofika Ijumaa, wauza nafaka walikuwa wanafunga maduka saa nne asubuhi, wanaapa kwamba hawana hata punje, huku mabega yao ni meupe kwa unga. Wajenzi wa ukuta walilipwa mikate miwili kwa siku. Mkate haukai miaka mitatu. Mkate wa Akakio haukufika hata jioni, maana nyumbani walikuwa watatu: yeye, mama yake Glikeria, na mkewe Anthusa aliyekuwa na mimba ya miezi saba.

Basi Akakio akafanya alichokijua. Chini ya nyumba yao kulikuwa na mitungi sita mikubwa, imezikwa sakafuni hadi shingoni, aliyoiacha baba yake aliyekuwa muuza mvinyo. Kwa siku kumi mfululizo alirudi kazini na mchanga ndani ya nguo, mchanga uleule wa kukorogea chokaa. Aliuchekecha, akaukausha juu ya kikaango, akauchanganya na pumba tele ili fimbo ya mkaguzi izame bila kukwama. Akajaza mitungi hadi karibu na mdomo. Juu yake akatandaza ngano yote waliyokuwa nayo, kina cha vidole vinne kila mtungi. Ukitazama, ungesema hii ni nyumba ya askofu.

Anthusa alijua. Mama hakuambiwa. Bi Glikeria alikuwa na macho yaliyofifia na ulimi usiojua kuficha, na kila Jumamosi alikwenda kuungama kwa padri hata dhambi za majirani.

Akakio alipofika mlangoni alisikia harufu ya ngano iliyochemshwa.

"Anthusa! Nani amepika ngano?"

Mkewe alikuja mbio, mkono mmoja tumboni, uso umempauka. "Mama. Nilikuwa kwenye foleni ya maji, kwenye birika la mtaa, tangu alfajiri, nimerudi nimekuta ameshapika. Akakio, leo ni arobaini ya Leontio."

Alikuwa amesahau. Ndugu yake, wa tumbo moja, na alikuwa amesahau. Siku arobaini zilikuwa zimepita tangu Leontio aliposhuka kwenye shimo la msingi, upande wa bandarini, na kingo za mchanga zikamwangukia. Mbao za kuzuia kingo zilikuwa zimeombwa mara mbili. Vardane alijibu kwamba mbao zote zimekwenda kuunda merikebu. Walipomfukua, mdomo ulikuwa umejaa. Bi Glikeria alimsafisha mwenyewe kwa kidole, kama mtu anavyomtoa mtoto mchanga uchafu kinywani, na hakuruhusu mwanamke mwingine amguse.

"Amechota mtungi gani?"

"Wa karibu na jiko. Anasema ya juu ina wadudu, akaingiza mkono akachota ya chini. Amepepeta pumba zote kwenye ungo. Lakini mchanga, mume wangu, mchanga haupepeteki. Na maji ya kuoshea yalikuwa nusu ndoo."

"Mwaga."

"Nimwage vipi? Ameshaipeleka kanisani, imebarikiwa."

"Padri hakuonja?"

"Padri ana mfungo."

Bi Glikeria alikuwa amekaa kwenye kigoda, bakuli kubwa mapajani, anapanga punje za komamanga juu ya ngano kwa kupapasa, zikae umbo la msalaba. Alikuwa amejifunga kitambaa chake safi. Tangu msiba, Akakio hakuwa amemwona mama yake ametulia namna ile, na moyo ulimuuma.

"Umefika, mwanangu? Vizuri. Kila atakayepita mlango huu leo ataonja na kumtaja ndugu yako."

"Mama, nipe hilo bakuli niliweke ndani. Wageni wanakuja."

"Wageni ndio wanaotakiwa! Ngano ya marehemu inafichwa ndani kwani imeibwa?"

Kabla hajapata la kujibu, mlango uligongwa kwa fimbo.

Mkaguzi aliitwa Filareto. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mafua, na nyuma yake walisimama askari wawili na mtu wa kubeba magunia. Kiunoni alining'iniza kamba ya mihuri ya madini ya risasi, kila mmoja mdogo kama sarafu. Nyumba iliyotundikwa muhuri huo mlangoni ilikaa. Isiyokuwa nao ilitoka kabla ya jua kuzama.

"Vichwa vingapi?"

"Vitatu, mheshimiwa."

Filareto alimtazama Anthusa tumboni. "Vinne."

"Hajazaliwa bado, bwana."

"Miaka mitatu ni mingi. Atazaliwa na atakula. Andika vinne." Alipiga chafya. "Haya, tuone."

Walishuka chini. Filareto alichomeka fimbo yenye alama katika mtungi wa kwanza. Ikazama hadi chini. Akaitoa, akasoma alama, akaguna. Mtungi wa pili vilevile. Alipofika wa tatu, Akakio aliona jasho lake mwenyewe likidondoka sakafuni na akakanyaga tone lile kwa mguu.

"We unafanya kazi gani?"

"Mwashi, mheshimiwa. Ukuta wa baharini."

"Mwashi," Filareto alirudia, akitikisa kichwa. "Nimetoka kwa mfua fedha hapo juu, alikuwa na mitungi miwili. Mwenye akili huweka akiba mapema. Safi sana."

Mtungi wa karibu na jiko, ule wa sita, ulikuwa umepungua kidogo, lakini fimbo iliingia na alama ikatosha. Walipanda juu. Filareto alichagua muhuri mmoja, na askari akaanza kupigilia msumari kwenye fremu ya mlango. Anthusa aliegemea ukuta akafumba macho. Akakio alihesabu mapigo ya nyundo: moja, mbili, tatu.

"Hamtoki hivyo, wanangu," alisema Bi Glikeria.

Alikuwa amesimama kizingitini na bakuli lake na kijiko cha mti.

"Mama, waheshimiwa wana haraka," Akakio alisema, akamshika mkono. "Waache, wana nyumba nyingi."

"Haraka ya kumkimbia marehemu? Hata Kaisari akipita hapa ataonja." Akautoa mkono wake. "Ni arobaini ya mwanangu Leontio. Alikuwa mjenzi kama huyu. Mtaje."

Hakuna mtu wa mji ule anayekataa ngano ya marehemu, awe na haraka au awe na kazi ya Kaisari. Filareto alifuta pua, akafanya ishara ya msalaba, akapokea kijiko kilichojaa.

"Mungu amrehemu Leontio," alisema, na akatafuna.

Sauti ya meno kusaga kitu kigumu ilisikika hadi kwa Akakio. Filareto aliacha kutafuna. Akatema kiganjani, akaenda penye mwanga, akageuzageuza kwa kidole. Ndani ya ile ngano mlikuwa na mchanga mweupe na kipande kidogo cha kombe la pwani.

"Bibi," aliuliza taratibu, "ngano hii mmeipata wapi?"

"Ya humu humu ndani, mwanangu!" alisema kwa fahari. "Hatujamwomba mtu. Nimeichota mwenyewe."

Filareto alirudi chini peke yake. Walimsikia akikohoa. Aliporudi, mkono wa kanzu ulikuwa umekunjwa hadi begani, na ngumi yake aliifungua juu ya meza, mchanga ukamwagika. Hakupayuka. Pengine angepayuka ingekuwa nafuu.

"Wewe ni wa nne leo," alisema. "Wengine waliweka udongo wa bustani tu. Wewe angalau umechekecha."

Akakio alipiga magoti. "Mheshimiwa, mimi najenga ukuta. Ndugu yangu amefia ukutani. Mke wangu huyo unamwona. Unatutoa nje, Waarabu wakija watatukuta uwanjani kama kuku. Ukuta huo najenga wa nani?"

"Usiniulize mimi. Agizo halikusema wanaojenga wakae. Limesema wenye chakula wakae."

"Mfua fedha ana mitungi miwili tu!"

"Mfua fedha amenunua kibali." Filareto alisema bila haya, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Nami nina mkuu wangu. Nikikuachia wewe, kesho anakagua mwingine nyuma yangu, natoka mimi na watoto wangu. Niambie ungefanya nini."

Akakio aliinuka, akakung'uta magoti.

Mwenye magunia aliteremka kuchota ngano ya juu, iende ghala la serikali. Vidole vinne kila mtungi. Ilipochanganyika na mchanga aliomba chekeche, na Anthusa akamnyooshea lile lile la mumewe, kwa kuwa hakukuwa na jingine. Askari aliung'oa msumari mlangoni akautia mfukoni. Misumari nayo ilikuwa adimu.

Bi Glikeria alikuwa bado amesimama, bakuli mikononi. Alichukua punje chache, akazitia mdomoni, akatafuna polepole kwa meno aliyobaki nayo.

"Huu ni mchanga wa wapi, Akakio?"

"Wa kazini, Mama."

"Wa shimo lile?"

"Wa lundo lile lile. Nisamehe, Mama. Ningekwambia..."

"Ningemwambia padri," alisema. "Najijua." Akafunika bakuli kwa kitambaa chake safi.

Jioni walitoka na godoro, sufuria, na mkoba wa zana za uashi, mwiko na timazi. Kwenye lango watu walikuwa wengi: mwanamke na mbuzi wake, mfinyanzi na gurudumu lake mgongoni, mzee anayebebwa na mwanawe. Hakuna aliyelia kwa sauti. Juu ya lango mfua fedha alikuwa amepanda na wanawe kutazama, na mmoja wao alikuwa anakula tini.

Vardane alikuwa amesimama kando ya walinzi na orodha mkononi. Alipomwona Akakio uso wake ulishuka, kisha ukajirekebisha.

"Bahati mbaya hiyo, ndugu yangu. Sikiliza, nimekuombea. Alfajiri mlango mdogo utafunguliwa kwa wajenzi. Unaingia, unafanya kazi, unapata mikate yako miwili, jioni unatoka."

"Nalala wapi?"

"Huko huko nje. Si usiku tu? Ukuta haujafika kimo, Akakio."

"Na wakija usiku?"

Vardane alitazama orodha yake.

"Mama, funua hilo," alisema mlinzi. "Nafaka haitoki nje ya mji."

"Hii imepikwa, mwanangu. Ni ya arobaini."

"Hata iliyopikwa. Ndivyo tulivyoambiwa."

"Basi haitoki," alisema Bi Glikeria. "Itaisha hapa hapa." Akafunua bakuli, akachota kijiko, akamnyooshea mlinzi. "Mungu amrehemu Leontio. Sema."

Mlinzi alitazama huku na huku. Watu wote walikuwa wanamwangalia. Akasema, akala, akakunja uso. Wa pili akala. Kisha bibi akapapasa hewa, akaifuata sauti aliyoijua, akasimama mbele ya Vardane.

"Na wewe. Ulikuwa mnyapara wake."

Vardane alivua kofia. "Mungu amrehemu Leontio," alisema, akapokea kijiko. Meno yake yakasaga, akasita, akageuza kichwa pembeni kutafuta pa kutemea.

"Mama, ina mchanga."

"Ndiyo. Ni wa kwenu," alisema Bi Glikeria. "Meza. Mwanangu alimeza mwingi kuliko huo."

Vardane alimeza. Akachotewa kijiko cha pili, na cha tatu, mbele ya watu wote wa langoni, na kila mara alilitaja jina, na machozi yalikuwa yanamtoka. Kama ni ya kujuta au ya mchanga kooni, mwenyewe ndiye ajuaye. Bakuli lilipobaki tupu bibi alilifuta kwa upindo wa nguo yake, akalitia kwapani, akamshika mkono Anthusa wakatoka.

"Alfajiri, Akakio?" Vardane aliuliza nyuma yao, sauti imemkauka. "Nikuandike?"

Akakio alifungua mkoba, akautoa mwiko wake uliokuwa bado na chokaa ya asubuhi, akauweka mkononi mwa Vardane juu ya ile orodha. Chokaa ilikuwa imeshaganda. Kisha akajitwika godoro na kuwafuata wanawake wake, na lango likafungwa.