Upande wa Abiria

Mume wangu anajua uzito wa kila kitu kilichomo ndani ya gari lake. Anajua uzito wa mlango ukiwa na kioo, na uzito wake bila kioo. Anajua zulia la zamani lilikuwa na kilo ngapi kabla hajaling'oa, na ile boneti mpya ya faiba imempunguzia kilo ngapi. Mizani yetu ya bafuni iliacha kukaa bafuni siku nyingi zilizopita. Iko uani, imejaa grisi, na mtu akitaka kujipima inabidi abishe hodi kama anaingia ofisini kwa watu.

Gari lenyewe ni la Kijapani, la michezo, la milango miwili, na lilitoka kiwandani kabla sisi hatujaoana. Taa zake hufumba mchana na kufumbuka ukiziwasha. Moja inasitasita, kwa hiyo kila akiziwasha, gari linanikonyeza. Miaka hii ya karibuni nimekonyezwa zaidi na gari hilo kuliko nilivyokonyezwa na mwenye gari.

Alilinunua likiwa gofu, halina injini, kuku wanataga kwenye buti. Akaliingiza uani, akaliezekea mabati, akaniambia, "Mama watoto, nipe mwaka mmoja tu." Watoto wamekua, wameoa na kuolewa, na huo mwaka mmoja bado haujaisha.

Sitaki kumsingizia. Si mlevi wala hana mambo ya nje. Ni fundi umeme wa kiwandani. Akirudi kazini anakunywa chai akiwa amesimama, kisha anaingia chini ya gari. Ninachokiona ni miguu. Nikiongea naye, naongea na viatu. Majirani wanamwita Bwana Milimita, na yeye anaona ni sifa. Mimi ni fundi cherehani, na dirisha la chumba changu cha kazi linatazama uani, kwa hiyo tunashinda tukitazamana, au tuseme mimi ndiye ninayetazama. Futi yangu ya kupimia watu ameichukua. Chaki yangu ameichukua. Uzi wangu wa kushonea jinzi ameuzungusha kwenye vigingi vinne pembeni mwa gari ili ajue kama magurudumu yamenyooka. Nikipotelewa na kitu cha kazi yangu, natoka uani kukitafuta.

Nilianza kukonda wakati gari lilipovuliwa kila kitu ili lipakwe rangi. Mshona nguo hawezi kujidanganya kwa jambo hilo. Nilipunguza gauni langu la kijani ubavuni. Nikalipunguza tena. Mara ya tatu nikaona nikikata zaidi mifuko ya kushoto na kulia itakutana. Uchovu nao ukaja. Uchovu wa kazi naujua tangu usichana wangu, unalala nao asubuhi umeondoka. Huu nilikuwa naamka nao. Nikafika mahali pa kushona huku kichwa nimekiegemeza ukutani. Nikaenda hospitali; muuguzi alinitoa damu, akanitazama kwa muda kidogo, akasema nirudi kwa vipimo vikubwa na nisirudi peke yangu.

"Njoo na mtu wako, mama," alisema.

Mtu wangu alikuwa chini ya gari. Nikasimama karibu na viatu, nikasema, "Baba watoto, siku hizi sijisikii vizuri."

"Pole sana," vikajibu viatu. "Hebu nipe hiyo spana hapo, ile kubwa."

Nikampa. Wiki nyingine nikajaribu tena. Nikamwambia mwili wangu hauna nguvu, hospitali wananitaka. Akasema, "Ngoja nimalize hapa kwanza, tutaongea." Hatukuongea. Ndipo nilipokasirika, na mimi nikikasirika sipigi kelele, nanyamaza. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Nikaapa kwamba sitamwambia mara ya tatu. Mtu anayeweza kusikia bolti iliyolegea wakati amesimama upande wa pili wa ua, na aone mwenyewe kwamba mkewe anaisha. Asipoona, nitakuwa nimejua nimeishi na nani. Dada yangu aliniambia naweka roho yangu rehani kwa sababu ya ugomvi wa watu wawili wazima. Labda. Lakini hapo ndipo nilipokita mguu.

Sasa, kabla ya rangi, alikuwa amefunga springi mpya, zile zenye pete za kukaza na kulegeza ili gari likae chini kadiri mtu anavyotaka. Kuzisawazisha alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Kwenye kiti cha dereva alipakia mifuko ya mchanga yenye uzito wake yeye, maana yeye lazima awe nje apime. Kiti cha abiria hakukiwekea mchanga. Aliniita mimi.

"Hili ni gari la watu wawili," alisema, "na nitalisawazisha na watu wake."

Siku ile nilifurahi, siwezi kukataa. Nilikaa, nikafunga mkanda, yeye akapiga magoti na futi yangu, akapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi. "Usipumue," akaniambia. Nikacheka, gari likatikisika, akaanza upya. Mwisho pande zote mbili zikalingana. Akachora vipimo hivyo kwa mistari ya chaki ukutani, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia, kwa uangalifu kama anayeandika jina la mtoto. Ile mifuko ya mchanga akaifunga, akaiweka kando ingojee.

Rangi ikakauka. Kila kitu kikarudi mahali pake, na asubuhi moja ya siku ya mapumziko akaniita tena. Nikatoka chumbani. Katikati ya ua ilibidi nishike kamba ya kuanikia nguo, nipumzike.

"Unachelewa wapi? Jua linapanda!"

Gari lile liko chini, kuliingia ni sawa na kukaa sakafuni, na magoti yangu yalilalamika kabla yangu. Ile mifuko ya mchanga ilikuwa imesharudi kwenye kiti cha dereva. Akapima kulia. Akapima kushoto. Akarudi kulia.

"Haliko sawa," akasema. "Upande wako umeinuka."

"Umeinuka kiasi gani?"

"Unene wa sarafu mbili."

Mtu mwingine angefunga boneti akaenda zake kutembea na gari. Mimi sikuolewa na mtu mwingine. Nilimwambia alegeze zile pete kidogo, yaishe, nikalale.

"Hapana," akasema. "Pete sijazigusa tangu siku ile. Kama kuna kilichobadilika, lazima nijue ni nini. Huwezi kuona ugonjwa ukaufunika tu."

Nilimtazama. Kisha nikafungua mkanda, nikaenda kulala.

Siku zilizofuata zilinichosha kuliko ugonjwa wenyewe. Alifungua magurudumu akayafunga. Alikagua bushi, zile raba za kwenye miguu ya gari, alikagua upepo wa matairi, alipima sakafu ya uani kwa pima maji akidhani ardhi imetitia. Aliyemuuzia springi alipigiwa simu akatukanwa kistaarabu. Kila jioni nilisikia, "Mama watoto, njoo ukae," nami nikaenda nikakaa. Nilikuwa nasinzia kwenye kiti kile. Aliponiona nimefumba macho alisema vizuri, hivyo hivyo, usitikisike.

Mwisho akamwita rafiki yake, fundi balansi, mnene mmoja mwenye mizaha ambaye kazi yake ni kunyoosha magurudumu ya magari ya watu barabarani. Alikuja alasiri na jeki yake. Kwa kawaida akiniona huanza utani tangu mlangoni. Safari hii alinipa mkono, na hakuuachia mkono wangu upesi.

"Shemeji, mbona hivyo?"

"Kazi tu, shemeji."

Akalala chini, akagonga huku, akatikisa kule, akatoka akipangusa mikono. "Springi nzima," akasema. "Bushi nzima. Hapa hakuna kilichoharibika, bwana. Kuna kilichopungua. Huu upande umepoteza uzito."

"Haiwezekani. Kila kitu nimekirudisha mwenyewe."

"Basi jua kwanza ni uzito kiasi gani, ndipo utajua ni kitu gani."

Hilo lilimwingia, maana ni lugha yake. Akaokota mfuko mtupu wa saruji, akaenda kwenye lundo la mchanga uliobaki tulipojenga ukuta, akarudi na kopo. Mimi nilikuwa nimeshakaa, mkanda nimefunga.

"Pakata huu," akasema, na kuniwekea mfuko mapajani.

Akamimina kopo la kwanza, akaenda kupima. Bado. Akamimina la pili. Bado. Aliendelea hivyo, kopo baada ya kopo, na mfuko ukanenepa mapajani mwangu mpaka ukanifika kifuani. Nilijua ninachopakata. Ningeweza kusema wakati wowote. Nilikaa nikiuona uso wake ukipita mbele ya kioo, umekunjamana, unawaza, na nikaogopa. Niliogopa kwamba hata sasa hataona.

"Hapo hapo!" akapiga kelele. "Chaki kwa chaki! Umeona? Nilisema mimi!"

Akaja mbio, akauinua mfuko kutoka mapajani mwangu. Uzito wake ulimshangaza, akaguna. Akaelekea kwenye mizani huku anajihesabia kwa sauti, kama afanyavyo akitafuta kitu.

"Mlango ule ule. Kioo kile kile. Zulia sijalirudisha, lakini hata siku ile halikuwepo. Kiti kile kile. Kwenye kiti..."

Akasimama. Fundi balansi alikuwa anaangalia ukuta. Mume wangu akageuka taratibu na mfuko kifuani. Akaona mkanda uliolegea begani mwangu. Akaona mkono wangu uliokuwa juu ya mlango, na gauni la kijani, na ile mishono mitatu ubavuni. Nilimwona akikagua kimoja kimoja, kama anavyokagua gari.

"Mama watoto," akasema. "Huu ni wewe?"

Nilikuwa nimeingojea siku hiyo kwa hasira. Maneno nilikuwa nimeyaandaa, makali, ya kutosha kumlaza na viatu vyake. Hata moja halikuja. Nililia tu. Nilitaka kumpiga, na nilitaka anishike.

Fundi balansi akachukua jeki. "Nitapita siku nyingine, shemeji," akasema kwa sauti ndogo, akaondoka akasahau kofia yake kwenye boneti.

"Muuguzi alisema nirudi na mtu," nikasema nilipoweza.

"Alisema lini?"

"Gari lilipokuwa kwenye rangi."

Nikamwona anarudi nyuma kichwani: kupolishi, tabaka la mwisho la rangi, la kwanza, kupiga msasa. Alipofika alikokuwa anakwenda, akaukumbatia ule mfuko.

"Uliniambia," akasema.

"Nilikuambia. Ukaniomba spana."

Alisimama pale na mfuko mikononi, mizani iko miguuni pake.

"Uweke chini," nikamwambia. "Utaumia mgongo."

"Hapana."

"Si ulitaka kuupima?"

Akatikisa kichwa. Akaja upande wa abiria, akachuchumaa kwenye mlango uliokuwa wazi, mfuko bado ameukumbatia. Sikumbuki mara ya mwisho nilipouona uso wake kwa karibu namna ile. Naye amezeeka.

"Kesho asubuhi tunakwenda," akasema. "Mimi na wewe."

"Na gari?"

"Gari halina kosa."

Mfuko ulikuwa umepasuka kwa chini, na mchanga ukawa unamwagika juu ya viatu vyake. Hakuangalia chini. Alikuwa ananitazama mimi.