Unywele Chini ya Kifuniko

Maneno ya mwisho ya Kiyoharu Onodera kabla hajakata kauli yalikuwa, "Niliacha kitu mle ndani." Mkewe Mitsue akamshika mkono, akamwuliza kitu gani. Kiyoharu akafumba macho, na jibu akaondoka nalo.

Mle ndani ni wapi, Mitsue alijua. Kiyoharu ndiye aliyekifunga kisanduku cha chombo kilichotumwa kuchota udongo wa asteroidi, jiwe linalolizunguka jua tangu dunia yetu haijawa dunia. Pale kituoni usafi wake ulikuwa mfano. Picha yake ilitundikwa ukumbini, na wageni wa kazi waliambiwa, "Fanyeni kama Onodera." Alifariki chombo kikiwa bado njiani. Mitsue naye kazi yake ilikuwa katika chumba ambamo udongo huo ungefunguliwa, kwa hiyo alikaa miaka akingoja kosa la mumewe lishuke kutoka mbinguni.

Kana kwamba hayo hayatoshi, alikuwa na mdudu sikioni. Alianza kumsikia siku chombo kiliporushwa: sauti nyembamba ya nyenje, upande wa kushoto. Juma lile chombo kilipopotea kwa muda na mawasiliano yakakatika, nyenje alilia mpaka Mitsue akashindwa kula. Daktari alichungulia, akasema, "Mama, humu hamna mdudu wala mpangaji mwingine."

Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa mama mkwe wake, Bibi Towa, mjane wa fundi wa mashua za uvuvi kule Kesennuma, ambaye sasa aliishi naye. Alisikiliza habari ya nyenje huku akikata figili, akasema tu, "Siku akinyamaza, uniambie." Bibi huyo alikuwa na vituko vyake. Mifupa ya mwanawe Kiyoharu, iliyosalia maiti ilipochomwa kama desturi yao, ilikuwa bado ndani ya chungu chake, juu ya madhabahu ya nyumbani, kwa sababu alikataa katakata isizikwe. Kasisi wa hekaluni alikuja akabembeleza, akarudi alivyokuja.

Basi kisanduku kikarudi. Kilianguka jangwani kikiwa kizima, kikaletwa kituoni, na asubuhi ya kukifungua Mitsue aliingiza mikono katika glavu zilizopachikwa kwenye ukuta wa kioo, maana udongo ule haukutakiwa kuguswa hata na hewa tunayovuta. Kifuniko cha ndani kilipotoka, watu walipiga makofi. Udongo ulikuwa mweusi tii.

"Kaboni!" alisema Daktari Hatakenaka, mkuu wa chumba, karibu kulia. "Bi Onodera, hiki ndicho tulichotengenezwa nacho sisi. Kesho naitangazia dunia."

Kamera zote zilielekezwa kwenye udongo. Mitsue peke yake ndiye aliyekuwa akitazama kifuniko, na chini ya kichwa cha skrubu moja aliona uzi. Akausogezea lenzi. Ulikuwa unywele mrefu mweusi, umezungushwa na kufungwa fundo. Unywele ukidondoka haujifungi wenyewe. Nyenje akapiga kelele sikioni, na Mitsue akahisi kuna mtu amesimama nyuma yake, karibu kiasi cha kumpumulia shingoni. Hakugeuka. Alisema macho yamechoka, akakifunika kifuniko, akaenda nyumbani.

Bibi Towa alikuwa anachoma samaki. Mitsue alimweleza akiwa bado na koti mwilini. Bibi akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio.

"Fundo la namna gani? Limepita mara mbili?"

"Mara mbili. Mama, ulijua?"

"Ningeachaje kujua? Alinipigia simu kuniuliza linafungwaje. Baba yake hakushusha mashua majini bila kuficha unywele wa mwanamke kwenye mlingoti. Ndio roho ya chombo. Huimba kama nyenje. Huwaonya walio ndani mpaka wafike, ndipo hunyamaza. Nywele zangu zimezama bahari zote, nami niko hapa nageuza samaki."

"Kwa hiyo ule ni wangu."

"Aliuokota kwenye kitana chako. Ulitaka aweke wa nani, wa jirani?"

Mitsue akakaa chini kwenye sakafu. Alikuwa ameogopa uzembe, na kumbe haukuwa uzembe. Mtu msafi kuliko wote alikuwa ameufanya uchafu ule kwa mikono yake miwili, akijua, kwa kumpenda.

"Nyamaza, mwanangu," Bibi Towa alisema. "Uchomoe, umeze ukitaka. Usiwaache wamshushe mtoto wangu ukutani."

"Kesho watasema kaboni ile imetoka mbinguni. Na kama imetoka kichwani kwangu?"

"Nani atajua?"

"Mimi, mama. Na yeye alijua, ndiyo maana alishindwa hata kufa vizuri."

Samaki wakaungua.

Asubuhi Mitsue alimkuta Hatakenaka akijifunga tai ya kutokea mbele ya waandishi.

"Bi Onodera, sema unatania."

"Sitanii."

"Nani aliuweka?"

"Mume wangu. Kwa makusudi. Unywele ni wangu."

Hatakenaka akaivua ile tai. Mkutano ukaahirishwa hadi udongo upimwe upya, punje kwa punje. Wakamtaka Mitsue atoe unywele wa kulinganishia, akang'oa mmoja kichwani. Ulikuwa mweupe. Akaomba jambo moja tu, autoe ule mweusi yeye mwenyewe, na Hatakenaka, ambaye hakuwa mtu mbaya, akakubali.

Alilegeza skrubu polepole. Kwa ncha ya sindano ya kioo akauinua unywele, na ulipoachana na chuma, nyenje akanyamaza.

Hakuwa amejua ukimya ni mzito hivyo. Alisimama na mikono ndani ya glavu, akitega sikio la kushoto, akimwita mumewe moyoni mara nyingi, na sikio likawa sikio tu. Miaka yote ile alikuwa amemlaani mdudu yule. Sasa angetoa chochote alie tena, hata kidogo. Wenzake walidhani analilia kazi, kwa sababu unywele ulitiwa kwenye chupa iliyoandikwa "uchafu", na alipotoka, ukumbini palikuwa na msumari mtupu mahali pa picha.

Bibi Towa alimngoja mlangoni. Hakuuliza habari ya picha.

"Nyenje bado analia?"

"Amenyamaza, mama."

Bibi Towa akaitikia kwa kichwa, akajikokota hadi kwenye madhabahu. Alikiteremsha chungu cha mifupa, akakipakata, akaanza kukifunga kwa kitambaa cheupe, fundo likapita mara mbili.

"Basi wamefika, yeye na chombo chake," alisema. "Mpigie kasisi. Mwambie kesho tunamzika."