Kamba Isiyo na Kitambaa

Mume wangu aliingia karakanani bila hodi, akatoa kamba mfukoni, akaitundika kwenye msumari wa kazi mpya. Kisha akapangusa mikono kama mtu aliyetua mzigo.

"Haya, fundi," akasema, "kata turubai. Tunahamia magharibi."

Nilikuwa nimebana pini mdomoni. Hizo pini ndizo zilizomwokoa, maana maneno yaliyonijia wakati ule hayasemwi mbele ya wifi, na wifi yangu alikuwa nyuma yake, amejaa mlangoni na mkoba wake, anatabasamu kama mshenga aliyekubaliwa posa.

Mimi nashona mahema. Karakana yangu iko nyuma ya wauza mbao, chumba kirefu kisicho na dirisha hata moja, kina meza ya kukatia na cherehani kubwa linalonguruma hadi majirani wanagonga ukuta. Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Wenzake walimbatiza Breki, kwa sababu alikuwa akisimama kwa kila kitu: bibi mwenye mzigo, mbuzi aliyezubaa barabarani, hata jua likizama vizuri. Kila mtu anampenda. Hata mimi nampenda, na hilo ndilo linalonizidishia hasira, maana mtu usiyempenda unamwacha aende zake na upuuzi wake.

Tulikuwa tumeahidiana tangu zamani. Yeye maisha yake yote kwenye kibanda cha lori, mimi kwenye chumba kisicho na dirisha; tukistaafu, tulisema, hatutalala tena chini ya dari. Tutajenga jukwaa la mbao mlimani, tusimamishe hema zuri nitakalolishona mwenyewe, jiko liwe nje, kitanda kiangalie bonde. Watoto walicheka wakadhani ni utani wa wazee. Haukuwa utani. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mlima gani.

Magharibi kuna misitu na mvua, na ukungu unaolala juu ya miti mpaka mchana. Mashariki ni kukavu: mawe, majani mafupi, upepo, na jua linalokuamsha mapema utake usitake. Ukiwauliza watu wa mjini watakuambia magharibi ndiko kuzuri. Ni kweli, ni kuzuri kwa macho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi magharibi nimekulalia.

Tulikaa huko tulipokuwa tumeoana karibuni, yeye akibeba magogo ya kiwanda cha mbao. Muulize Breki habari za miaka ile, atakusimulia ndege, kijito, na moto wa jioni, macho yamlegee. Mimi niulize, nitakuonyesha vidole. Mvua za kwanza tu baridi yabisi ilinishika, viungo vikavimba, nikawa siwezi kukamata sindano. Kikombe nilikishika kwa viganja viwili kama mtoto. Gauni langu yeye mwenyewe ndiye aliyelifunga vifungo kila asubuhi, kimoja kimoja, huku akipiga mluzi. Tuliporudi huku chini kwenye joto, vidole vilirudi pia. Fundi asiyeweza kukamata sindano ni nani? Ni mwanamke wa kukaa dirishani kuhesabu matone. Sikutaka kuwa huyo nikiwa kijana, na sitaki sasa.

Yote hayo nilimwambia. Nilimwambia kipindi kile, nikamwambia tulipokwenda mashariki pamoja kuangalia uwanja. Asubuhi ya kwanza kule niliamka, nikakunja ngumi, ikakunjika yote. Nilimwekea mbele ya uso. "Tazama," nikasema. Akaitazama ngumi yangu, akasema, "Upepo wa huku una kelele sana."

Hata hivyo niliupima uwanja ule kabla hatujashuka.

Hapa lazima nieleze habari ya kamba. Mama aliyenifundisha kazi hakuamini maneno ya wateja, na mimi nimemrithi. Mteja wangu haniambii ukubwa wa hema kwa mdomo. Ananiletea kamba aliyoipima kwenye uwanja wake mwenyewe: fundo la kwanza ni urefu, fundo la pili ni upana. Mkiani anafunga kitambaa, kimoja kwa kila mtu atakayelala humo. Vitambaa ndivyo vinavyoniambia nitoboe matundu mangapi ya hewa, kwa sababu turubai lililopakwa nta halipumui, na pumzi ya kila mtu ikikosa pa kutokea inageuka maji na kumdondokea usoni alfajiri. Kila kitambaa kina tundu lake, mfuko wake wa ukutani na kitanzi chake cha taa. Kamba isiyo na kitambaa inashonewa mtu mmoja, yule aliyeileta. Na karakana ina sheria mbili ambazo sijawahi kuzivunja hata kwa ndugu: kamba ikishatundikwa msumarini, kazi imekubaliwa, na kisichokuwa kwenye kamba hakishonwi.

Breki anazijua sheria hizo kuliko wateja wote. Miaka nenda miaka rudi ndiye aliyeniletea kamba za watu wa njia zake, zimening'inia kwenye kioo cha lori. Mteja akisahau vitambaa, Breki ndiye aliyemchamba: "Wewe, mkeo unataka alale nje na mbwa?"

Sasa nilitema pini, nikaitazama kamba yake mkiani. Palikuwa patupu.

"Ulisema unakwenda kuangalia tu," nikasema.

"Nimeangalia! Nimeangalia, nikaona, nikajenga jukwaa kabisa. Ungeuona ule msitu, mke wangu. Umekuwa mzuri kuliko zamani."

"Jukwaa umejenga."

"Kwa mbao ngumu," wifi akadakia. "Nilikuwepo. Pamoja na ngazi."

"Hongera. Na mikono yangu?"

Breki akacheka, kile kicheko chake cha kumtuliza trafiki. "Tutawasha moto mkubwa. Nitakununulia glavu."

"Nitashona nimevaa glavu?"

"Fundi, si utakuwa umestaafu? Utashona nini tena?"

Alilisema hilo kwa upole. Hakuwa na nia mbaya, na ndiyo maana lilinichoma hadi mfupani. Mtu huyu alikuwa amekaa na dada yake kwenye ukungu, wakanichagulia mahali pa kuishi, wakanichagulia na mikono ya kuishi nayo: mikono ya kupashwa moto, isiyo na kazi. Yeye akistaafu anaacha lori, kitu cha watu. Mimi niache nini? Sindano siivui kama koti.

Nilitaka kumrushia mkasi. Badala yake nilimpa nafasi, Mungu ni shahidi yangu.

"Kamba hii imekamilika?" nikamuuliza.

"Imekamilika."

"Hujasahau kitu? Itazame vizuri."

"Nimeipima kwa mikono yangu mwenyewe."

"Nakuuliza tena, baba watoto. Nikate hivi ilivyo?"

"Wifi nawe!" dada yake akaingilia. "Mwenzio kahangaika, unamhoji kama polisi. Hasira hasara."

"Kata hivyo hivyo," Breki akasema, akanipiga kofi dogo begani, akaondoka kwenda kuwaeleza wauza mbao habari za jukwaa.

Nikakata.

Nimeshona mahema mengi nikiwa na furaha, na baadhi yana mapindo yaliyopinda. Hema la Breki nililishona kwa hasira na halina pindo hata moja lililopinda. Nilichagua turubai zito la mvua, nikalipaka nta mara mbili, nikainamisha paa ili maji yasituame, nikarudia mshono kila pembe. Sikutaka mtu aje kusema nimemshonea vibaya kwa kisirani. Cherehani lilinguruma mchana kutwa. Majirani waligonga ukuta, nami nikagonga wa kwangu.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alipitia akitoka zamu. Akalizunguka lile turubai mezani, akainua upande mmoja, akainua wa pili. Amekulia chini ya meza ile, hahitaji kuelezwa.

"Mama, tundu moja?"

"Kamba ile pale. Kaisome."

Akaisoma. Akakaa juu ya marobota na viatu vyake vyeupe. "Amesahau tu. Unamjua baba. Mwambie."

"Nimemwambia kwa mdomo. Nimemwonyesha ngumi. Nimemuuliza mbele ya shangazi yako, nikarudia. Sasa namwambia kwa turubai."

"Ataumia."

"Na vidole vyangu vikivimba vitafurahi?"

Alinishika mkono, akaanza kunisugua viungo kama anavyowafanyia wagonjwa wake, wala hakubisha tena.

Siku ya kulisimamisha, Breki aliwaalika madereva wenzake kwenye uwanja wa wauza mbao. Walikuja na vitambi vyao na maoni yao. Walivuta kamba, wakapiga vigingi, na hema likasimama wima bila mkunjo. Walisifu. Wifi alilipiga picha kutoka kila upande. Breki alivua viatu, akaingia akiimba.

Wimbo ulikatika.

Tulimsikia akitembea mle ndani, akigusa kuta. Alipotoka alikuwa ameshika viatu mkononi.

"Fundi. Tundu la hewa ni moja."

"Ndiyo."

"Na mfuko mmoja. Na kitanzi cha taa kimoja." Akanisogelea, akashusha sauti ili wenzake wasisikie. "Umesahau."

"Mimi?"

Kama kuna neno ambalo hakupaswa kulisema siku ile, ni hilo. Nilikuwa nimepanga kuongea taratibu. Sikuweza. Niliichomoa kamba yake kiunoni kwangu, nilipoichomeka tangu asubuhi, nikamtupia kifuani mbele ya madereva wote.

"Nionyeshe nilipo! Hiyo hapo kamba yako, uliyoipima kwa mikono yako mwenyewe. Watu wa barabara nzima unawauliza wake zao watalala wapi. Mimi nipo fundo gani?"

Akaipitisha vidoleni, polepole, mpaka mkiani. Akairudia. Wale madereva, watu wasionyamaza hata msikitini wala kanisani, ghafla wote wakaanza kuchunguza vigingi. Wifi alifungua mdomo.

"Wifi, leo hapana," nikamwambia. Akaufunga.

Breki akaanza kujipapasa mifukoni. Akatoa leso yake, akashika ukingo kwa meno ili aichane. "Nafunga sasa hivi," akasema. "Mara moja tu. Ilinipitia, mke wangu, wallahi ilinipitia. Nafunga."

"Turubai limeshakatwa."

"Utatoboa jingine."

"Kisichokuwa kwenye kamba hakishonwi. Nani aliyewaambia wateja hivyo miaka yote, si wewe?"

Leso ilibaki mdomoni. Nilimwonea huruma kidogo, na huruma ile ikanikasirisha zaidi, kwa kuwa nilijua ningeiachia dakika moja tu ningejikuta magharibi nimeshika kikombe kwa viganja. Nikaenda karakanani, nikarudi na kamba ya pili, niliyoipima mashariki. Ilikuwa imetundikwa msumarini tangu tuliporudi, kando ya cherehani, mahali alipopita kila siku akija kuniletea chai.

Aliipokea. Safari hii alikwenda moja kwa moja mkiani. Palikuwa na vitambaa viwili. Kimoja cha njano, cha gauni langu. Cha pili cha buluu, chenye doa la grisi.

"Hili ni shati langu la kazi," akasema.

"Ni lako."

"Hukuniambia."

"Mtu wako unamfunga tu. Huhitaji kukumbushwa."

Hema la magharibi lilikuwa limesimama nyuma yake, zuri, limekazwa vizuri, la mtu mmoja. Nilimwambia limekwisha na ni lake, akitaka alipeleke kwenye jukwaa lake la mbao ngumu. Nilimwambia hema la mashariki nalo nimeshalikata, la turubai jepesi, na ninaondoka nalo wiki ijayo, na cherehani dogo la mkono. Nikawaambia madereva wakunje vizuri, wasikanyage nta.

Sasa niko mashariki. Upepo una kelele, hilo sitalikana, na maji nayafuata bondeni kwa kibuyu huku nikitukana kila jiwe. Lakini naamka, nakunja ngumi, inakunjika. Wachunga mbuzi wa huku wameshaniletea kamba zao. Binti yangu ananiambia Breki alikwenda magharibi, akasimamisha hema lake, na kwamba analala humo bila tone la maji kumdondokea. Naamini. Nililishona mimi.

Anasema pia Breki anauliza njia ya huku, kana kwamba hatukuwahi kuja pamoja. Ameuliza mara kadhaa, na bado hajaja. Hasira yangu haijapungua, asije akadhani upepo umeipeperusha. Akifika ataikuta imekaa mlangoni inamsubiri, na itamsemesha kabla yangu. Kitambaa cha buluu sijakifungua. Tundu la pili la hewa, lile la upande wake wa kitanda, linaingiza baridi usiku, kwa hiyo ilibidi nilizibe. Nimeliziba kwa vifungo, sikulishona.