Bawa la Gari la Clovis

Gédéon alikuwa amekwisha kusema hapana mara tatu, na kila mara ilimgharimu nguvu ambayo hakuwa nayo. Miaka arobaini na mitatu alikuwa ananyoosha mabati ya magari hapa Kasongo, tangu alipotoka katika karakana ya misheni akiwa kijana wa vidole vyepesi. Sasa vidole vilikuwa vigumu kukunja, na bega la kulia lilimwamsha kila alfajiri. Mara ya nne alinyamaza. Clovis, mchumba wa binti yake, akachukua kimya kile kuwa ndiyo, na Gédéon akalifunga bawa nyuma ya gari lake.

Gari lile dogo jekundu la mbio, Clovis alilipata Kalemie baada ya kufanikiwa katika machimbo ya Lusangi. Lilikuja na mapambo yake mawili: mdomo mpana wa plastiki wa kufungwa mbele, chini ya taa, na bawa la kusimama nyuma. Likasafirishwa juu ya lori. Mbele ya Kabambare daraja lilikuwa limekatika. Gari likashushwa, likavutwa kwa kamba katika matope, na mdomo ukavunjika, ukabaki hukohuko. Bawa likafika zima.

"Papa mukwe, usinune," Clovis alimwambia. "Kwenye telefone niliona: upepo unakanyaga bawa, gari inashika chini. Iko usalama hiyo!"

"Inashika nyuma. Vile viwili vilitengenezwa viende pamoja. Mbele ataishika nani?"

"Mimi, na volan mukononi!"

Jumamosi Clovis angemwoa Chimène, kitinda mimba wa Gédéon, na baada ya misa alikusudia kumpitisha kwa kasi katika uwanja wa ndege, mbele ya rafiki zake wa Lusangi. Hilo ndilo lililomwondolea mzee raha. Gari lingepinduka na binti yake ndani, kwa bawa alilolifunga yeye mwenyewe.

Alhamisi Gédéon aliomba jambo moja tu: gari lijaribiwe kwanza, na yeye aketi kando ya dereva. Alikata nyuzi za sufu za Chimène, akazibandika juu ya boneti na juu ya bawa, ili zionyeshe upepo unapofanyia kazi.

"Papa, umelisuka gari nywele!" Chimène akacheka. "Mimi hukunisuka hata siku moja."

"Simama kando, utazame nyuzi," alisema. Hakuwa na nguvu ya kucheka.

Mlinzi wa uwanja akawaruhusu. Kwenye kilomita sitini kwa saa gari lilikwenda vizuri. Kwenye themanini bawa likaanza kulia nyuma yao. Kwenye tisini Gédéon aliona majani ya mwisho wa uwanja, ambayo muda wote yalionekana juu ya boneti, yakizama polepole. Pua ya gari ilikuwa inainuka. Clovis aligeuza volan kidogo kulia. Gari likaendelea kwenda mbele kana kwamba halikuambiwa neno. Akaigeuza zaidi. Kisha akaondoa mguu kwenye kanyagio la mafuta, pua ikashuka, na magurudumu yakatii yote mara moja. Gari likayumba, likateleza kwenye udongo mwekundu, likaishia majanini.

Chimène alifika akikimbia, kiatu kimoja mkononi. "Nyuzi za mbele zimelala tu! Za nyuma zilikuwa zinapigana!"

Clovis alikuwa anagusa kovu lililokuwa kidevuni mwake. Kabla ya machimbo alikuwa akileta mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka Kabambare.

"Siku moja nilifunga bidoni zote za mafuta nyuma kabisa," alisema taratibu. "Kwenye mteremko usukani ukawa wa mutu mwingine. Ni kitu ileile, Papa. Upepo ulipanda nyuma kama bidoni."

"Ndiyo. Na bidoni ya namna hiyo huioni kabla haijakuangusha."

Gédéon alikuwa ametayarisha maneno makali kwa saa hii. Aliyatafuta, akaona uchovu umeyamaliza. Na tena, mkono uliokaza bulon zile nne za bawa ulikuwa wake. "Mimi ndiye niliyelifunga," alisema. "Nilijua, nikalifunga."

Akachukua ufunguo wake wa bulon, akainama nyuma ya gari. Bulon ya kwanza ikamshinda. Clovis akampokea ufunguo, akazifungua zote mwenyewe, akalilaza bawa majanini.

"Na matundu haya, Papa?"

"Nitayaziba."

Aliyaziba kwa nta ya mshumaa, maana mvua isingengoja rangi.

Jumamosi gari lilipita uwanjani polepole mno hata mashangazi waliotembea wakiimba ubavuni mwake hawakuhema. Watu wa Lusangi walizomea kidogo, "Clovis, shuka tukusukume!" naye akawapungia mkono. Gédéon alitembea nyuma, kiganja chake juu ya vile vizibo vinne vya nta, kwa kuwa bega lilimuuma na hapo palikuwa pa kuegemea.