Mstari wa Sentimita Kumi

Mjukuu wangu ni fundi pikipiki, na sifa yake kubwa ni kwamba haogopi kitu. Injini ikipiga kishindo wanaume wanaruka nyuma, yeye anainamisha sikio asikie vizuri. Basi mtaa mzima unamwita Fundi Moyo Mgumu. Jina la namna hiyo likishakukaa, kulivua ni kazi kuliko kuvua gauni lililobana.

Ukweli niliujua mimi peke yangu. Jumapili tulikuwa jikoni, yeye anamenya viazi huku tumbo limemtangulia, mara kisu kikasimama.

"Bibi, siku uchungu ukinianza, mimi natoroka."

"Utatoroka nalo hilo tumbo, au utaniachia mimi nilishike?"

Hakucheka. Na huyu ni mtu anayecheka hata nikipiga chafya. Nikajua mambo si mazuri.

Jumanne nikamsindikiza kliniki. Wajawazito saba kwenye benchi moja, wamebanana hata mmoja akikohoa wote wanatikisika. Akaja binti mtafiti, miwani mikubwa, mkononi karatasi, kalamu na rula. Akatueleza kwa adabu kwamba anapima woga wa kuzaa. Kila karatasi ina mstari wa sentimita kumi. Mwanzo wake ni siogopi hata kidogo, mwisho wake ni naogopa kupita maelezo. Unaweka alama pale woga wako ulipofika, naye anapima kwa rula.

Maishani mwangu nimepima unga, kitambaa, na urefu wa ulimi wa jirani yangu. Woga, hapana, huo sikuwahi.

Mkunga tunafahamiana siku nyingi. Akanivuta pembeni, akaninong'oneza: "Atakayepita sita nitakaa naye faragha, nimwonyeshe chumba cha kuzalia, achague na mtu wa kuingia naye siku yenyewe. Wa chini ya hapo sina muda nao, ni wengi mno."

Nikahesabu haraka. Alama ikikaa kwenye ukweli, mjukuu wangu amepona. Ikikaa kwenye sifa, atatoroka, maana namjua.

Nikamwinamia. "Wee mke mwenzangu, hebu sikiliza..."

"Bibi," mtafiti akasema, "tafadhali usimsaidie kujibu."

Nikafunga mdomo. Inauma jamani, kwa mtu asiyezoea.

Mwanzo wa benchi alikaa Mama Mapacha, mimba ya tatu, ameshajipa cheo cha kiranja. Akaweka alama yake kwenye sifuri kabisa, akainua karatasi juu ili tuione. Wa pili akachungulia, naye sifuri. Wa tatu akamchungulia wa pili. Wa nne alikuwa ameshaweka alama katikati, akalamba kidole akaifuta mpaka karatasi ikatoboka. Yaani waliibiana majibu kama darasa la tatu siku ya mtihani wa hesabu! Zamu ya Fundi ikafika. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaweka sifuri.

Mtafiti akaanza kupima. "Sifuri. Sifuri. Sifuri." Kufika ya saba, sauti imemwisha. "Ina maana hakuna anayeogopa?"

"Hakunaaa!" wakaitikia wote. Mmoja wao alikuwa anatafuna mkanda wa mkoba wake.

Uvumilivu ukaniishia hapo. "Binti, nipe na mimi karatasi."

"Bibi, hii ni ya wajawazito."

"Nimekuwa mjamzito mara saba. Nimechelewa kidogo tu."

Akanipa. Nikaitandaza kwenye meza yake, nikaanzia kalamu mwisho wa mstari, nikautoa nje ya karatasi, nikauvusha meza, nikashuka nao kwenye mguu wa meza hadi sakafuni, magoti yakipiga kelele njia nzima.

"Hiyo ni mimba ya kwanza," nikasema toka huko chini. "Mkunga wa enzi hizo aliniambia nisukume, nikamsukuma yeye. Akaangukia beseni."

"Na ya pili?" Mama Mapacha akauliza.

"Ya pili nilijificha uvunguni mwa kitanda. Kichwa kikaingia, tumbo likakataa. Mume wangu alinivuta miguu huku anaita majirani."

"Hee! Na ya saba?"

"Ya saba niliogopa vilevile. Ila hapo nilikuwa nimeshapata uzoefu wa kuogopa."

Benchi likalipuka. Mama Mapacha alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, akaendelea kujifuta na kicheko kimeshakwisha. "Mwanangu," akamwambia mtafiti polepole, "hebu nirudishie karatasi yangu."

"Na yangu!"

"Mimi nipe mpya, ile nimeitoboa!"

Mtafiti akagawa karatasi mpya, na sasa akawatawanya, kila mtu na ukuta wake, wasiibiane tena. Fundi alinipa mgongo. Akaweka alama, akaikabidhi karatasi. Rula ikawekwa, nami nikanyoosha shingo: tisa na nusu! Nikapiga kigelegele. Watu wakanishangaa, nani anapigia woga kigelegele?

Mkunga akampeleka Fundi chumba cha kuzalia. Nikawafuata mguu kwa mguu, mlango ukafungwa puani pangu.

"Bibi asubiri kwanza," nikamsikia Fundi. "Nina maswali yangu ya aibu."

Nikabandika sikio mlangoni. Swali la kwanza nikalisikia nusu. La pili ndilo lilikuwa tamu, nikaegemea zaidi, na mkunga akafungua. Nikaingia kifudifudi, kiatu kimoja kikateleza hadi chini ya kitanda.

Fundi alikuwa amekaa juu ya kile kitanda alichokuwa akikiogopa. Akanitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kitanda kwa mikono miwili.

"Huyu ndiye unayetaka aingie nawe siku hiyo?" mkunga akauliza.

"Ndiye huyo huyo."

"Una hakika?"

"Nitorokee wapi, na yeye kashaziba mlango?"

Nikawaomba waniinue. Hakuna aliyeweza, wote wawili kicheko kimewamaliza nguvu.